Nchi ya Walio Hai: Somo Kutoka Kanisa la Kariye, Istanbul

Maandiko ya kusoma pamoja: Luka 2:1-7; Mathayo 2:13-23; 1 Wafalme 8:27; Zaburi 116:9; Waebrania 11:13-16.

Somo hili tumewatayarishia ninyi familia za Kandara na mitaa ya jirani hapa Jeddah, pamoja na ndugu zetu walioko Riyadh. Ni somo la Jumapili, ingawa tunajua wengi mtalisoma Ijumaa, siku ambayo walio wengi hupata nafasi ya kupumzika.

Kila kiangazi, joto linapozidi hapa, familia nyingi za wenyeji wetu huenda Uturuki. Baadhi ya dada zetu wanaolea watoto na kaka zetu madereva husafiri nazo. Wakirudi hutuonyesha picha kwenye simu, na pamoja na picha huja swali: "Tumeingia msikitini tukakuta sura ya Bwana Yesu ukutani. Kumbe lilikuwa kanisa. Je, Mkristo anaruhusiwa kuingia? Na akishaingia, asikitike au ashukuru?"

Swali hili si la watalii peke yao. Linatugusa sisi tunaoishi kama wageni katika nchi ya Waislamu, bila jengo letu, bila mnara wala kengele. Wengine wetu tuna wajomba, shangazi na mashemeji ambao ni Waislamu. Jibu tutakalowapa watoto wetu litawafundisha namna ya kuwatazama majirani zao, na pia namna ya kumtazama Mungu.

Kanisa la shamba

Wengi wanaposikia habari za kanisa lililogeuzwa msikiti huko Istanbul hufikiria Hagia Sophia. Jengo hilo kubwa lilikamilika mwaka 537. Lilifanywa msikiti mwaka 1453, Waosmani walipouteka mji wa Konstantinopoli. Katika miaka ya 1930 likawa makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Lakini leo tunataka kujifunza kutoka jengo lingine, dogo kuliko hilo, lililo mtaa wa Edirnekapı karibu na ukuta wa kale wa mji. Waturuki huliita Kariye. Wagiriki waliliita Chora.

Neno hilo la Kigiriki lina maana ya eneo la nje ya mji. Watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana, maana Unguja mtu yuko ama mjini ama shamba. Mahali hapo palikuwa shamba, nje ya ukuta wa Mfalme Konstantino. Katika karne ya 5 ukuta mpya ulijengwa mbali zaidi na shamba likaingia mjini, lakini jina halikubadilika. Kandara yetu nayo ilikuwa nje ya ukuta wa Jeddah ya kale. Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1947, na leo mji umeimeza Kandara kabisa.

Sehemu kubwa ya jengo la Kariye ni ya karne ya 11 na ya 12. Kati ya mwaka 1315 na 1321, tajiri mmoja aliyeitwa Theodoros Metochites alilikarabati na kulipamba kwa mozaiki, yaani picha zinazoundwa kwa kupanga vipande vidogo sana vya mawe na vioo vya rangi. Vile vinavyong'aa kama dhahabu vina dhahabu kweli: karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobanwa katikati ya kioo.

Mwanzoni mwa karne ya 16, Atik Ali Pasha, waziri mkuu wa Sultani, aliligeuza kanisa hilo kuwa msikiti. Baada ya muda baadhi ya picha zilipakwa chokaa na nyingine zikafunikwa kwa mbao. Mwaka 1945 serikali ya Uturuki iliamua liwe makumbusho. Wataalamu kutoka Marekani walifanya kazi ya miaka mingi kuzisafisha picha, na watu wakaruhusiwa kuingia kuzitazama mwaka 1958. Mwaka 2020 ilitolewa amri kwamba lirudi kuwa msikiti, na tarehe 6 Mei 2024 likafunguliwa tena kwa sala ya Waislamu.

Majina mawili juu ya milango

Ukiingia baraza ya kwanza na kutazama juu ya mlango wa kwenda ndani, unakutana na uso wa Kristo. Kando yake kuna maandishi yanayomwita Chora ya walio hai, yaani nchi ya walio hai. Jina hilo linatoka katika Zaburi. Upande wa pili, ukigeuka nyuma, yupo Mariamu na mtoto kifuani, na maandishi yake yanamwita Chora ya Yule asiyeweza kuenea mahali popote.

Waliojenga walilichukua jina la mtaa wakalifanya ungamo la imani. Hapo mtu alipokuwa akisema tu "kule shamba", wao wakasema shamba letu ni Kristo, nchi yetu ni Kristo. Na kuhusu Mariamu wakakumbuka sala ya Sulemani alipolizindua hekalu (1 Wafalme 8:27). Sulemani alikuwa amejenga nyumba ya fahari kuliko zote, na siku ileile ya kuifungua akakiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile. Mungu huyo asiyetoshwa na mbingu alikubali kukaa tumboni mwa msichana wa Nazareti.

Tulishike neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu lote: kanisa hilo, tangu siku lilipopambwa, lilikuwa limeandika juu ya mlango wake kwamba Mungu hatoshi ndani ya jengo.

Mariamu mbele ya afisa

Katika baraza hiyo ya nje kuna picha ambayo kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya karatasi ataielewa. Ni habari ya Luka 2, watu walipotakiwa kuandikishwa. Kirenio, liwali wa Shamu, ameketi kwenye kiti chake, na nyuma yake amesimama askari wa kumlinda. Karani ameshika karatasi ndefu iliyokunjuliwa. Mbele yao amesimama Mariamu, mjamzito, akisubiri kuandikwa. Yusufu yuko nyuma yake.

Fikirini aliyelipia picha hiyo. Metochites ndiye aliyesimamia hazina ya dola. Habari za kodi na daftari za watu zilikuwa kazi yake ya kila siku. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa kiti, si upande wa foleni. Lakini kila alipoingia kanisani mwake alimkuta Mama wa Bwana amesimama mbele ya mtu wa serikali, akingoja jina lake liandikwe.

Sisi tunaijua foleni hiyo. Kuna ikama inayokaribia kwisha, kuna kafili asiyepokea simu, kuna viza ya kutoka na kurudi ambayo bila hiyo huwezi kwenda kumzika mzazi. Wapo kati yetu waliokaa miaka bila karatasi, wakiogopa kila gari linalosimama. Luka hakuona aibu kuandika kwamba Mwokozi alihesabiwa kabla ya kuzaliwa. Mozaiki hii inatuonyesha kwamba kusimama mbele ya meza ya afisa hakumwondoi mtu mikononi mwa Mungu. Pia inawaonya wale wenye mamlaka, hata yale madogo: msimamizi wa kambi, wakala wa kuleta wafanyakazi, hata sisi tunaposhika daftari la michango. Mtu aliyesimama mbele yako akingoja jina lake lipatikane, huenda amebeba kile usichokiona.

Safari ya usiku na kilio cha akina mama

Ukiendelea kutazama juu utaona habari za Mathayo 2: mamajusi mbele ya Herode, familia ikikimbilia Misri, askari wakiwaua watoto, akina mama wakilia, na pia Elisabeti akikimbia na mtoto wake Yohana, habari isiyomo katika Mathayo. Kisha kuna safari ya kurudi kutoka Misri kwenda Nazareti.

Tuangalie kwamba mafundi hawakuruka kilio. Dhahabu ileile iliyozunguka uso wa Kristo imewazunguka na akina mama waliofiwa. Wengine wetu tumetoka mashariki ya Kongo, tunajua maana ya kutoka nyumbani usiku. Wengine tuliwaacha watoto kwa bibi yao Kakamega, Tanga au Masaka, na sasa wanakua mbele ya kioo cha simu. Biblia haijatuambia kwamba huzuni hiyo ni uhaba wa imani. Familia takatifu ilikimbia, ikaishi ugenini, ikarudi kwa woga, na hata iliporudi Yusufu alilazimika kubadilisha mji wa kukaa kwa sababu ya mtawala mpya. Soma Mathayo 2:22-23 uone.

Tajiri aliyerudi kama mtawa

Juu ya mlango wa kuingia ukumbi mkuu yuko Metochites mwenyewe. Amepiga magoti, amevaa kofia kubwa ya cheo, na mikononi ameshika mfano mdogo wa kanisa akimtolea Kristo. Ni picha ya mtu aliyefika kilele.

Haikupita miaka mingi. Mwaka 1328 Mfalme Androniko wa Pili alipinduliwa na mjukuu wake. Metochites akaanguka pamoja naye. Nyumba yake iliporwa, mali ikaenda, naye akapelekwa uhamishoni. Yapata mwaka 1330 aliruhusiwa kurudi Konstantinopoli, na hakuwa na nyumba nyingine ya kukaa ila monasteri ileile aliyoitengeneza. Akaishi humo kama mtawa wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1332. Bila shaka alipita mara nyingi chini ya picha yake mwenyewe yenye ile kofia.

Alichokitoa ndicho kilichompokea. Hatusemi hivi ili tuchangishe fedha. Tunasema kwa sababu hapa ugenini tunashawishika kuhifadhi kila kitu kwa ajili ya "nikirudi": kiwanja, nyumba, gari. Ni vema kujenga nyumbani. Lakini muda tunaompa mgonjwa, chumba tunachomfungulia dada aliyefukuzwa kazini, chakula tunachogawana Ijumaa, hivyo navyo ni kujenga, na huenda siku moja tukahitaji kuingia ndani yake sisi wenyewe.

Bibi wa Wamongolia

Katika baraza ya ndani, miguuni pa Kristo katika mozaiki kubwa, yumo mwanamke mdogo wa umbo aliyevaa mavazi ya utawa. Maandishi yanamtaja kuwa Bibi wa Wamongolia. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa Maria, binti wa Mfalme Mikaeli wa Nane. Mwaka 1265 baba yake alimtuma nchi ya mbali aolewe na mtawala wa Wamongolia, Hulagu. Alipofika, bwana harusi alikuwa ameshafariki, akaozwa kwa mtoto wake Abaqa. Alikaa huko miaka kama 15. Mumewe alipokufa mwaka 1282 alirudi Konstantinopoli na kuingia utawa.

Maria hakuulizwa sana. Mkataba ulikuwa wa wakubwa. Mabinti wengi waliosoma mkataba wao kwa mara ya kwanza baada ya kushuka uwanja wa ndege wataelewa. Lakini aliporudi, alilitunza kanisa moja mtaa wa Fener, na kanisa hilo linalobeba jina lake, Mtakatifu Maria wa Wamongolia, ndilo pekee kati ya makanisa ya Kibizanti ya mji huo ambalo halikugeuzwa msikiti hata mara moja. Hadi leo Waorthodoksi wanasali humo. Makanisa ya wafalme yamebadilika, na la binti aliyepelekwa ugenini bila kupenda limebaki.

Tulie au tushukuru?

Sasa turudi kwenye swali. Tusiwadanganye watoto kwamba historia hii haina maumivu. Mei 1453, askari walipoingia kupitia kuta zilizo karibu na Kariye, waliipora monasteri hiyo na kuikatakata sanamu ya Mariamu iliyoheshimiwa kuliko zote mjini. Waorthodoksi wengi waliumia tena mwaka 2020. Kulia pamoja nao ni halali.

Lakini tusiwasimulie nusu ya habari. Mwaka 1204 mji huohuo uliporwa na wapiganaji wa Msalaba, Wakristo kutoka magharibi, na hata Hagia Sophia haikusalimika. Mwaka 1236, Córdoba huko Hispania ilipotekwa na Wakristo, msikiti wake mkuu ulifanywa kanisa, na ni kanisa mpaka leo. Kwetu Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kila upande una jengo la kulia na jengo la kunyamazia.

Na Unguja hiyohiyo inatupa mfano wa badiliko jema. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Anglikana chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Mahali watu walipouzwa, sasa watu wanabatizwa. Uwanja hauna dini. Wanaosimama juu yake ndio watakaoulizwa walitenda nini.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ingia bila hofu na bila kinyongo. Sikitika kwa kilichopotea, shukuru kwa kilichobaki, na usitoke humo ukimchukia mtu. Anayesujudu pale hakuteka mji mwaka 1453. Huenda ni mpishi au fundi aliyepita kusali adhuhuri, kama wale tunaofanya nao kazi hapa. Bwana Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo shindano la mlima upi litakwisha (Yohana 4:21-24). Na tukilinganisha, sisi tunaokutana sebuleni, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, hatujapungukiwa Kristo kwa kukosa dari ya dhahabu. Jina lililo juu ya mlango wa Kariye linatuhusu: yeye ndiye nchi yetu.

Kuna picha moja zaidi inayothibitisha hilo. Katika kanisa dogo la pembeni lililokusudiwa kwa makaburi, Kristo mwenye mavazi meupe amesimama juu ya malango ya kuzimu yaliyovunjwa. Makufuli na funguo vimetawanyika chini yake, na Shetani amefungwa. Mkono mmoja umemshika Adamu, mwingine umemshika Hawa, anawatoa makaburini. Tazama vizuri anavyowashika: amewakamata kifundo cha mkono, jinsi unavyomshika mtoto unapovuka naye barabara. Wao hawana nguvu ya kumng'ang'ania, yeye ndiye anayewashikilia. Tumechangishana mara ngapi kusafirisha mwili wa mwenzetu, na mara ngapi fedha zimepungua akazikwa huku mbali na kwao? Hakuna kaburi lililo mbali na mkono huo.

Ukienda Kariye

Nenda kwa adabu ya mgeni. Vua viatu panapotakiwa. Akina mama na dada, mwe na mtandio, kama mlivyozoea. Usipite mbele ya anayesali wala usimpige picha. Picha zilizo ndani ya ukumbi wa sala hufunikwa kwa pazia wakati wa sala, lakini nyingi ziko kwenye baraza. Wageni hutozwa kiingilio, na saa za kutembelea hubadilika, hivyo ulizeni kabla ya kwenda. Ukiwa na watoto wa familia unayoifanyia kazi, na wakakuuliza yule mama ni nani, waambie ni Mariamu. Wanamjua. Sura ya 19 ya Kurani ina jina lake. Hapo hakuna haja ya ubishi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni foleni gani unayosimama sasa? Picha ya Mariamu mbele ya Kirenio inakwambia nini?
2. Watoto: mkiulizwa shuleni kanisa lenu liko wapi, mtajibu nini?
3. Ni kitu gani tunachokijenga hapa ambacho mwingine anaweza kukimbilia?
4. Je, kuna jirani au ndugu Muislamu ambaye tumemhesabia makosa ya watu waliokufa zamani? Tufanye nini juma hili?

Tuombe

Ee Bwana, wewe ambaye mbingu hazikutoshi, ukubali kukaa katika vyumba vyetu vidogo. Wakumbuke wanaongoja karatasi, walio mbali na watoto wao, na waliozikwa ugenini. Wape amani Jeddah na Riyadh, na watu wote wanaotupa kazi na chakula. Utushike mkono, mpaka tufike katika nchi ya walio hai. Amina.